Huyu si mtoto wenu

Mwaka jana, katika chumba kimoja cha maombi hapa Goma, mtu aliyejiita mtumishi wa Mungu alimtazama mtoto wa binamu yangu kwa dakika chache, kisha akamwambia mama yake mbele ya waumini wote kwamba huyo si mtoto wake. Alisema kwamba wa kwake alichukuliwa zamani, na aliyebaki ni kitu kingine kilichovaa sura yake. Mtoto mwenyewe ana miaka minne. Hasemi, hamtazami mtu machoni, na kazi yake ya kutwa ni kupanga vifuniko vya chupa za soda mstari mmoja kutoka mlangoni hadi karibu na mbabula, jiko letu la makaa, na ukigusa kimoja hulia mpaka kirudi mahali pake. Binamu yangu alimfunga mgongoni akarudi nyumbani kwa miguu, na usiku ule alinipigia simu kuniuliza neno moja tu: «Dada, inawezekana?»

Nilimjibu kwamba haiwezekani. Lakini neno lile «alichukuliwa» lilininyima usingizi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kulisoma katika habari za nchi ambayo sijafika, Ayalandi, ambako kwa karne nyingi watu waliamini kwamba kuna jamii nyingine inayokaa chini ya vilima vyao na kwamba jamii hiyo huiba watu.

Nje ya nchi ile wengi wanamjua leprechaun peke yake, kizee kifupi mshona viatu mwenye hazina. Imani yenyewe ni nzito kuliko huyo. Waliwaita aos sí, yaani watu wa vilima, na masimulizi ya kale yanawahusisha na Tuatha Dé Danann, walioshindwa vitani na wageni wakaachiwa sehemu ya chini ya ardhi huku washindi wakichukua ya juu. Hawakuwa lazima wadogo: walifuga ng'ombe, walicheza ngoma, waliozana na kupigana kama majirani wengine. Wanakijiji waliogopa kuwataja kwa jina lao, wakawaita «watu wema», si kwa kuwapenda bali ili wasiwakasirishe, kama vile sisi tulivyofundishwa kwamba usiku nyoka hatajwi, huitwa kamba.

Mahali pao palijulikana. Palikuwa kwenye maboma ya duara ya udongo, mabaki ya makazi ya wakulima wa zamani ambayo bado yapo kwa makumi ya maelfu katika mashamba ya nchi ile, na palikuwa pia kwenye mti wa miiba unaosimama peke yake na kuchanua maua meupe mwezi wa Mei. Mwaka 1999 msimulizi wa hadithi aitwaye Eddie Lenihan alipinga hadharani kukatwa kwa mti mmoja wa namna hiyo huko Latoon, wilaya ya Clare, uliokuwa kwenye njia ya barabara mpya, na barabara ikajengwa bila kuung'oa.

Imani ya namna hii sina ugomvi nayo hata kidogo, kwa kuwa nimelelewa ndani yake. Nilipokuwa mdogo upande wa Mugunga, babu alitukataza kabisa kushuka kwenye mabonde madogo ya mawe ya volkano alfajiri, kabla upepo haujaamka. Alisema pale pana mazuku, yaani upepo mbaya. Tuliwahi kuona ndege waliokufa pale bila jeraha, na mara moja mbuzi wa jirani, amelala kama aliyesinzia. Siku moja babu aliwasha kitita cha majani makavu kwenye ncha ya fimbo ndefu, akakishusha taratibu mbele yetu, na moto ulipofika usawa wa magoti ukazimika mara moja, kama mtu aliyeubana kwa vidole. Shuleni nilielezwa baadaye kwamba ni kaboni dioksidi inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa, inayotuama mahali pa chini. Maelezo hayo hayakumpunguzia babu heshima yangu. Neno lake lilitaka tuzunguke tu, na tulizunguka, na tuko hai.

Imani hiyohiyo inapotoka kwenye bonde na kumkalia mtu ndipo inaponitia hofu. Waayalandi waliamini kwamba watu wema hupenda kuiba watoto wachanga, hasa wa kiume, na wake vijana, kisha huacha mahali pao kiumbe mgonjwa anayefanana nao. Kwa hiyo koleo la chuma la kuchochea moto liliwekwa juu ya kitanda cha mtoto, na sehemu nyingine wavulana walivikwa magauni ili wasitambuliwe. Hayo hayakumdhuru mtu. Dawa ya kumlazimisha kiumbe aondoke na kumrudisha aliyeibwa ndiyo iliyodhuru, maana ilikuwa kumtesa.

Bridget Cleary alikuwa mshonaji katika kijiji cha Ballyvadlea, wilaya ya Tipperary. Alikuwa na cherehani yake na kuku wake, na mayai aliyouza yalimpatia fedha zake mwenyewe. Machi 1895 aliugua baada ya kutembea kwenye baridi. Daktari alimwona, na padri akaja kusoma misa chumbani. Lakini mumewe, Michael, alikuwa amekwisha kusadiki kwamba aliyelala pale si mkewe. Walimlazimisha kunywa mitishamba iliyochemshwa kwenye maziwa, wakamshika juu ya moto wa jikoni, wakamtaka aseme kwa jina la Mungu kama yeye ni Bridget. Baba yake mzazi alikuwepo, na binamu zake pia. Usiku wa tarehe 15 mume alimpa vipande vitatu vya mkate, akitaka kila kimoja akile baada ya kutaja jina lake. Alijibu mara mbili. Mara ya tatu alichelewa, na Michael akamwangusha sakafuni. Nguo yake iliposhika moto, alimmiminia mafuta ya taa. Baada ya hapo alikwenda kungoja kwenye boma la Kylenagranagh, akiamini kwamba mkewe halisi atatoka amepanda farasi mweupe. Alihukumiwa kifungo cha miaka 20 kwa kumuua, akatumikia 15.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Bridget alijibu. Alikuwa na sauti, na jina lake alilitaja, na bado halikutosha. Je, asiyeweza kusema? Mwaka 1826, wilaya ya Kerry, mwanamke mzee aitwaye Ann Roche alishtakiwa kwa kumzamisha katika mto Flesk mtoto aitwaye Michael Leahy, mwenye miaka minne, ambaye hakuweza kusimama, kutembea wala kusema. Ilielezwa mahakamani kwamba hakukusudia kumuua, bali kumwogesha ili yule kiumbe amtoke. Aliachiwa huru.

Habari hiyo ya mwisho nilimsomea binamu yangu kwa sauti, neno kwa neno, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za nyumba yao. Mtumishi yule alikuwa amemwagiza siku tatu za kufunga, yeye na mtoto, bila maji, halafu mtoto aletwe usiku. Binamu yangu alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza tena umri wa Michael Leahy, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Hakurudi kule. Wiki iliyofuata tulimpeleka mtoto kupimwa masikio, na ikaonekana anasikia vizuri.

Sasa kila jioni humwogesha katika beseni la bluu uani, maji yakiwa yamepashwa moto kwanza. Humwita kwa jina lake akimpaka sabuni kichwani, huliita tena akimsuuza, na mara ya tatu akimfunika kitenge, wala hamngoji aitike.