Insha za Kura ya Lazima

Mada ya shindano la insha la wanafunzi mwaka ule ilikuwa hii: "Kupiga kura kuwe wajibu wa kisheria. Jadili." Kikomo kilikuwa maneno 800. Sisi wasahihishaji tulipewa karatasi zenye namba tu. Majina yalibaki kwa mratibu. Kila insha ilisomwa na watu wawili, kila mmoja kivyake, na wakipishana kwa zaidi ya alama 10 ilikwenda kwa msomaji wa tatu. Hoja zilibeba alama 40, ushahidi 30, mpangilio 20, lugha 10.

Nyingi zilikwama palepale. Aya ya kwanza sheria, aya ya pili kampeni: chama hiki kimeoza, viongozi wale waongo. Swali halikuuliza nani achaguliwe! Kisha ushahidi. Australia ilitajwa karibu kila mahali, na wengi waliandika kwamba huko asiyepiga kura hutupwa gerezani moja kwa moja. Sivyo. Sheria ya 1924 iliweka faini, na mwenye udhuru wa kutosha haadhibiwi. Aliyejenga hoja yake yote juu ya ukatili wa adhabu alibaki mikono mitupu.

Insha iliyotuchelewesha zaidi ilipinga mada, lakini ilianza kwa kuupa upande wa pili haki yake: Australia, waliojitokeza mwaka 1922 hawakufika asilimia 60, mwaka 1925 wakazidi 91. Ndipo ikauliza takwimu hizo zinapima nini hasa. Kwa kuwa kura ni siri, ilisema, msimamizi anaweza kuthibitisha kwamba jina limewekewa alama daftarini, ila hawezi kujua kama karatasi iliyotumbukizwa sandukuni ni tupu. Mahudhurio si ushiriki. Hiyo ndiyo hoja niliyokuwa nikiitafuta tangu asubuhi, nikaipa 84.

Mwenzangu aliipa 68. Alionyesha aya ya mwisho, ambapo mwandishi alizusha pendekezo jipya kabisa, siku ya uchaguzi iwe ya mapumziko, bila kulitetea hata kwa sentensi moja. Kwenye mpangilio alikuwa na haki. Msomaji wa tatu akatoa 79, ikashika nafasi ya pili. Ya kwanza iliunga mkono kura ya lazima, nayo ndiyo pekee iliyohesabu kazi ya kuwaandikia barua wasiofika, kupokea udhuru wao na kudai faini.