Ngomeni, Mahali Iliporushwa Uhuru

Matatu ilinishusha Gongoni saa saba mchana. Kutoka hapo nikapanda bodaboda hadi Ngomeni, kupita mashamba ya chumvi yanayong'aa mpaka macho yakauma. Ilikuwa Agosti, kusi inavuma, mchanga unachapa miguu. Wageni wengi huishia Malindi, kilomita 30 hivi kusini, kwa ajili ya fukwe. Mimi nilikuja kutazama vyuma viwili vilivyosimama baharini.

Na kweli vipo. San Marco na Santa Rita, majukwaa ya Waitaliano ya miaka ya 1960. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka pale ikiwa na setilaiti ya NASA isiyofika kilo 150. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi, aliiita Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu: kutafuta angani eksirei, mionzi isiyoonekana kwa macho.

Mzee mmoja alikuwa kivulini akitengeneza nyavu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa roketi?"

Alizishuhudia utotoni. Moto ulipanda kimya, akasema, mshindo ukafika baadaye, watoto wameshatimua mbio. Hakukumbuka kama ni ile ya 1970 au mojawapo ya zilizofuata, maana zilirushwa hadi 1988.

"Lakini kwa nini hapa kwetu?"

Nikaketi mchangani kumweleza. Eksirei za nyota hazitufikii. Hewa iliyo juu yetu huzimeza zote, kwa hiyo lazima chombo kipande juu yake. Huku tuko karibu na ikweta, ambako dunia huzunguka kwa kasi zaidi na kuipa roketi msukumo wa bure. Tena setilaiti inayofuata ikweta hulikwepa eneo lenye mionzi mikali juu ya Atlantiki ya kusini, ambalo lingevuruga vipimo vyake.

Kabla ya hapo, mwanafizikia Riccardo Giacconi na wenzake walitegemea roketi zilizokaa juu dakika chache tu. Moja ya mwaka 1962 iliwaonyesha Scorpius X-1, chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa jua. Uhuru ilitazama zaidi ya miaka miwili, ikaorodhesha vyanzo 339. Ilikuta Centaurus X-3 ikipiga kila sekunde 4.8 kama moyo: nyota ya nyutroni, mabaki madogo mazito ya nyota iliyolipuka, inayozunguka huku ikinyonya gesi ya nyota mwenzake. Ilikuta gesi ya joto la mamilioni ya nyuzi ikijaza nafasi kati ya galaksi.

Ila ninayoipenda kuliko zote ni Cygnus X-1, chanzo kingine cha eksirei. Mwanga wake ulibadilika ndani ya muda usiofika sekunde, na kitu kinachobadilika upesi hivyo hakiwezi kuwa kikubwa. Kumbe kina uzito wa majua 21 hivi, na nyota kubwa ya buluu hukizunguka kila siku 5.6. Uzito wote huo mahali padogo hivyo! Ndilo shimo jeusi, mahali ambapo hata mwanga hauponyoki, la kwanza wanasayansi kulikubali. Giacconi alipata Nobel mwaka 2002.

Jua likatua tukiwa bado pale. Kundi la nyota la Nge likajitokeza, karibu utosini. Nikamwonyesha mzee sehemu moja kaskazini ya ile nyota yake nyekundu, ilipo Scorpius X-1.

"Unaona nini, baba?"

"Giza."

"Hapo ndipo panapong'aa kuliko pote kwa eksirei, ukiliacha jua. Ni mbali, nuru yake husafiri miaka 9,000 hivi kutufikia."

Alinyamaza kitambo, ameshika wavu mkononi.

"Na lile shimo, liko wapi?"

Nikageukia kaskazini mashariki, juu ya majukwaa. Wingu la kusi lilikuwa limeshafunika upande ule wote, nasi tukakaa kulingoja lipite.