Kumbukumbu ya mradi wangu, juma la sita: mlima umehitaji kamba

Kielelezo cha Fani Maoré, volkano iliyozaliwa chini ya bahari mwaka 2018, yapata kilometa 50 mashariki ya kisiwa cha Mayotte katika visiwa vya Komoro, kimesimama barazani kwangu hapa Tanga kwa kipimo cha 1 kwa 10,000. Mlima wenye kimo cha takriban meta 820 umetoka sentimeta 8 tu, na uso wa bahari ni uzi wa buluu uliovutwa sentimeta 35 juu ya ubao. Udongo wa mfinyanzi ulipasuka mara mbili. Nimeuongeza saruji, ukatulia.

Kilichonirudisha nyuma ni sehemu ya chini. Nilikuwa nimechora hazina ya magma (mwamba ulioyeyuka ambao bado haujatoka) shubiri moja chini ya kilele, nilivyozoea kuiona katika michoro ya shuleni, kumbe lava yenyewe inaikataa picha hiyo. Ni basaniti, mwamba wa jamii ya basalti (mwamba mweusi wa volkano) ulio na silika, madini ya mchanga, pungufu, na sodiamu na potasiamu nyingi kuliko basalti ya migongo ya katikati ya bahari, yaani safu ndefu za volkano zilizo chini ya bahari. Magma ya aina hiyo hutokea pale ambapo sehemu ndogo tu ya mwamba wa kilindini imeyeyuka. Uchunguzi wa sampuli zilizoopolewa unaonyesha kwamba ilitunzwa zaidi ya kilometa 35 chini, na Mayotte yenyewe ilididimia zaidi ya sentimeta 10 magma ilipokuwa ikiihama hazina yake.

Kilometa 35 kwangu ni meta 3.5, na meza yangu haifiki hata meta moja. Nimefunga kamba ya katani chini ya ubao, ikashuka sakafuni na kukata kona hadi mlangoni, ambako sufuria kuukuu ndiyo hazina. Mama mkwe huiruka bila kuuliza, nami namshukuru.

Nimetenga pia nafasi ya volkano ndogo zaidi, zile zinazoota kando ya migongo ya bahari. Chini ya mgongo wenyewe magma za asili mbalimbali hukutana na kuchanganyika kabla ya kutoka, ilhali vilima vya kando havina hazina kubwa ya kudumu, ndiyo sababu lava zake hutofautiana kilima kwa kilima. Naviona vina habari nyingi kuliko milima mikubwa.

Limebaki ganda. Lava inayokutana na maji baridi huvimba kama mito ya kulalia na ngozi yake hugeuka kioo, ambacho wanakemia hukipenda kwa kuwa kimeganda kabla fuwele hazijapata muda wa kukua. Unga wa chupa nyeusi umeng'aa kupita kiasi. Jumamosi nitajaribu masizi na vanishi.