Siku yangu moja: mchana sekondari, jioni wageni wa Mwaloni

Saa 11 alfajiri niko macho, si kwa kupenda jamani, ukikaa Igoma hapa Mwanza ukichelewa kidogo tu unasimama kwenye daladala mpaka mjini. Chai na matobolwa (viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha), nachungulia simu, nakuta voisi za wanafunzi wangu wa jioni, watu wazima ninaowafundisha Kiingereza, mmoja ananisalimia kwa Kiingereza huku nyuma yake watu wanagombania bei ya gunia.

Saa 2 asubuhi, fomu wani. Mnajua ilivyo, mtoto kasoma shule ya msingi kwa Kiswahili miaka yote, akiingia fomu wani anakuta bailojia, jiografia, hesabu, vyote kimombo. Watoto wetu wenyewe wanatoa macho, sasa fikiria aliyekuja na mama yake kutoka Bukavu, Kongo, huko kasoma kwa Kifaransa, Kiswahili anacho ila cha kwao. Nilikuwa na mmoja wa hivyo, ukimpa namba tupu anazimaliza kabla hujageuka, ukimpa swali la maneno anakaa kimya. Nikawa nambakisha baada ya vipindi. Siku moja mama yake akaja shuleni, nikajua ni shukrani tu, akasema aksanti sana mwalimu, akavuta pumzi, akaniuliza "na sie wakubwa je?" Darasa la jioni lilianzia hapo, sitawadanganya kwamba nilioteshwa.

Vipindi, madaftari, kikao cha walimu kisichoisha. Tuyaache.

Saa 10 jioni nashukia Kirumba nazunguka kwanza Mwaloni, lile soko la dagaa, huku ndo kwenye vitabu vyangu. Dagaa za pale zinakwenda Burundi, Rwanda, Kongo mpaka Zambia, na ukisimama dakika tano unasikia Kirundi, Kifaransa, Lingala na Kisukuma vyote vinapigania gunia moja. Burundi na Rwanda wako kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo wameingia 2022, na mzigo mdogo usiozidi dola 2,000 una utaratibu wake mwepesi wa cheti cha asili (karatasi ya kuonyesha bidhaa imetoka nchi gani) pale mpakani. Mwepesi kwa anayeweza kusoma fomu lakini! Asiyeweza anatafuta kijana wa kumjazia, na kijana hajazi bure, na ulichojaziwa hukijui. Kwa hiyo mimi naomba risiti za zamani na karatasi za mzigo zilizotumika, nafuta majina, natoa kopi, hizo ndo ridingi zetu.

Saa 12 na nusu darasa linaanza, chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga, tunaomba Mungu isiwashwe. Kuna mama wa Bukavu (mwanae sasa anamsahihisha nyumbani, anakasirika kweli), kuna kaka wa Bujumbura anauza vitenge, dada wa Kinyarwanda fundi cherehani, na vijana wa dagaa wanaonukia dagaa. Watu huwa wananiambia madam unawahurumia sana hawa wageni. Huruma ya nini? Mtu ana lugha ya mama yake, ana Kifaransa, ana Kiswahili, wengine na Lingala juu, na sokoni keshajifunza kuwaitikia akina mama "mwadila", salamu ya Kisukuma, halafu anaambiwa hajui lugha! Mimi nina mbili na Kisukuma cha kuombea maji, wao ndo wananitia aibu. Kuwafundisha ni raha kwa sababu sarufi hawaiogopi, wanaipima na ya kwao, wanabishana wenyewe kwa wenyewe, mimi nakuwa refa.

Leo tulikuwa na kutamka. "Think" inatoka "sink" kwa wengi, nikawaambia semeni thelathini, wakasema selasini, nikasema dhahabu, wakasema zahabu, dah, ikabidi tuanze na Kiswahili kwanza ndo tuvuke kwenda Kiingereza, na mwenye mashine anayetokea Magu kachungulia mlangoni naye akasema selasini, tukacheka wote.

Kilichobaki ni mazoezi ya kupiga simu, wawili wawili. Mmoja mnunuzi yuko Lusaka, mmoja muuzaji, wanapeana mgongo wasisaidiane kwa mikono. Bei, uzito, lini gari linaondoka, nani analipia usafiri. Na hapa ndo jibu la wanaoniuliza napata wapi nguvu baada ya shule: fomu wani nafundisha kitu cha mtihani wa miaka ijayo, hawa nafundisha jioni, asubuhi kimeshauza gunia. Ile voisi ya alfajiri ilikuwa hivyo, kaongea na mteja mwenyewe bila mkalimani, sentensi imepinda kama barabara ya kupanda Bugando lakini hela imeingia.

Saa 2 na nusu usiku tunafunga. Ada wanalipa wanavyoweza, kuna anayelipa kwa dagaa na napokea bila kinyongo.

Saa 3 na nusu niko nyumbani napanga wiki ijayo. Mbalamwezi inaingia, mwezi ukiwaka taa za wavuvi hazivuti dagaa vizuri, wengi wanapumzika, mzigo Mwaloni unapungua na darasa langu linajaa mpaka mlangoni. Ndo maana pasti tensi nimeisogeza huko, wote wawepo, siirudii mtu asije akanililia. Shida ni pa kukaa. Mwenye mabenchi ya zamani asiyoyatumia, hasa maeneo ya Kirumba na Kitangiri, anistue inboksi, bodaboda nalipa mimi.