Mama wa Macho ya Vifungo

Mwanasesere wa binti yangu anatazama ukuta tangu Jumamosi. Nilidhani kapewa adhabu, maana huyo mwanasesere hubebeshwa makosa ya kila mtu humu ndani. Jana nikiwa natandika kitanda nikamgeuza. Macho yake ni vifungo viwili vyeusi vilivyoshonwa kwa uzi mnene. Vyote viwili vilikuwa vimezibwa kwa plasta za kidonda, kingo zimekandamizwa vizuri kwa kidole.

Nikajua tu. Ni ile Coraline.

Tuliitazama Jumamosi jioni, wote wanne tumebanana kwenye kochi. Kwa asiyeijua, ni filamu ya mwaka 2009 ya vikaragosi vinavyosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Msichana anahamia nyumba mpya, wazazi wake wamezama kazini, naye anagundua kimlango ukutani. Ng'ambo kuna nyumba ileile, ila inapendeza zaidi, na mama yuleyule, ila mchangamfu zaidi, ana muda wa kucheza. Tatizo ni macho. Mahali pa macho ana vifungo, na msichana akitaka kubaki kule sharti naye ashonwe vyake.

Nilikuwa nimeiona alama ya PG, yaani mwongozo wa mzazi, nikaichukulia kama ruhusa. Kumbe alama ile inamrudishia mzazi kazi yake: kaa na mtoto, amua mwenyewe. Wamarekani walilazimika kuongeza daraja la PG-13, la kuonya kuhusu watoto walio chini ya miaka 13, mwaka 1984, baada ya wazazi kulalamika kwamba filamu za PG walizowapeleka watoto kuona zilikuwa za kutisha kupita kiasi. Kwa hiyo si mimi wa kwanza kujikwaa hapo. Haipunguzi aibu, lakini.

Usiku ule binti yangu aliamka mara mbili. Mara ya kwanza nikafanya ninachokijua: nikamshika kichwa, nikakemea roho ya hofu kwa jina la Yesu, nikafunga kwa amina yenye nguvu. Naye akaitikia amina. Kisha akasema, "Lakini taa isizimwe." Nikaona kama maombi yangu yamekataliwa na mtu wa miaka saba. Nikarudi kulala nimeazimia kwamba katuni za aina ile hazitaingia tena humu, na nikawa na andiko tayari, Wafilipi 4:8, mambo yoyote yaliyo safi, yenye kupendeza, yatafakarini hayo.

Kesho yake kwenye ibada ya familia nikalitoa andiko langu. Kijana wetu wa miaka kumi na moja, ambaye hukaa kimya hadi pale ambapo ungependa aendelee kukaa kimya, akauliza, "Sasa Daudi kukata kichwa cha Goliathi na kutembea nacho mpaka Yerusalemu, hilo ni jambo la kupendeza?" Baba yake akakohoa kuficha kicheko. Nikasema hiyo ni Biblia. "Ndiyo," akasema, "na inatisha." Sikuwa na jibu. Sijalipata hata leo, zaidi ya kukubali kwamba watoto wetu tunawasomea mambo mazito kuliko tunavyodhani, na tunaweza kwa sababu tumekaa nao tukisoma.

Ndipo mume wangu akauliza swali ambalo mimi, katika kukemea kwangu kote, sikuwa nimeuliza. "Mwanangu, pale kilichokutisha hasa ni nini?"

Nilitegemea aseme vifungo, au yule mama alipogeuka kuwa kama buibui. Akavuta soksi yake, akaifikiria, akasema, "Alikuwa anacheka kama Mama."

Kimya.

"Na yule mama wa kweli alikuwa kwenye kompyuta tu."

Naandika haya nikiwa kwenye kompyuta. Sikuhitaji mtu anitafsirie. Nikataka kujitetea, kwamba kazi haina budi kufanywa, kwamba hata mama wa kwenye filamu alikuwa anamtafutia mwanawe riziki. Nikajizuia. Alikuwa bado anaongea. Alichotaka kujua ni kwamba, kama akija mtu mwenye sura yangu na sauti yangu, ila mwenye muda zaidi, yeye atatambuaje kwamba si mimi?

Mume wangu akasoma pale Paulo anaposema kwamba Shetani mwenyewe hujigeuza awe mfano wa malaika wa nuru, na wakazungumza kidogo kuhusu udanganyifu unaokuja umebeba zawadi. Yalikuwa mazungumzo mazuri, mazuri kuliko mengi tuliyowahi kuyapanga. Ila niseme ukweli, sipendi ile tabia ya kuibatiza kila sinema, kuisaka injili hadi kwenye tangazo la sabuni. Filamu ile haikutungwa iwe mahubiri. Na swali la mtoto halikuwa la Shetani. Lilikuwa langu mimi.

Kwa hiyo usiku nikamsomea Mathayo 14, wanafunzi ndani ya chombo, upepo wa mbisho, wanamwona Yesu akienda juu ya bahari, wanapiga yowe, "Ni kivuli." Watu wazima, baadhi yao wavuvi, wanamwogopa mtu waliyekuwa naye mchana wa siku iliyotangulia. Anawaambia, "Jipeni moyo, ni mimi, msiogope." Hakuwacheka, wala hakukemea yowe lao.

"Wakajua ni yeye?"

Nikasoma mstari unaofuata. Petro anajibu, "Bwana, ikiwa ni wewe..."

Akaketi kitandani. "Ikiwa! Hata yeye hakuwa na uhakika!"

Nimeisoma sura hiyo miaka mingi na lile "ikiwa" halijawahi kunisimamisha. Tukakaa nalo. Akanieleza kwa undani jinsi Petro angeweza kufanya jaribio lake la kutembea juu ya maji vizuri zaidi, bila kulowa. Kompyuta nilikuwa nimeiacha sebuleni ikiwaka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sikuwa na haraka ya kuirudia.

Baadaye, taa ya korido ikiwa imebaki peke yake, nikasikia kutoka gizani:

"Mama, sema kitu."

"Niseme nini?"

"Kitu ambacho ni wewe tu unajua."

Nikafikiri. Nikamwambia ni nani aliyemaliza plasta zote kwenye kisanduku cha dawa, na zimebandikwa wapi.

Akacheka chini ya shuka. Mwanasesere tumemwacha vilevile, anatazama ukuta.