Jina langu kwenye daftari la mama ntilie

Watu wa nyumbani Kibaigwa wakiniuliza chuo kikoje huwa nawajibu "kizuri tu", maana salio la simu haliwezi kubeba siku nzima. Nimeamua kuiandika Jumanne moja ya Januari hii, tangu kuamka mpaka kulala. Nasoma mwaka wa kwanza, shahada ya biashara, Chuo Kikuu cha Dodoma.

Saa 11 alfajiri

Naishi geto, huku Ng'ong'ona, chumba kimoja tunachangia wawili. Mwenzangu anatoka Mpwapwa, anasoma uchumi, na usingizi wake hauvunjwi na kitu. Mvua ilinyesha usiku. Dodoma mvua ni za msimu mmoja tu, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, kwa hiyo ikinyesha hakuna anayelalamika, hata kama njia ya kwenda darasani imegeuka tope linalong'ang'ania viatu.

Nilikaa kitandani na tochi ya simu nikirudia maswali ya urari, zoezi la uhasibu la kulinganisha pande mbili za vitabu, debiti na krediti. Hapa inabidi nieleze kitu. Darasani kwetu kuna waliotoka mchepuo wa ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu. Hao debiti na krediti walizizoea tangu kidato cha tano. Mimi nilisoma HGE: historia, jiografia na uchumi. Wiki ya kwanza mhadhiri aliposema "benki ukiweka fedha, kwenye vitabu vyako unadebiti", nilinyoosha mkono kusema amekosea, kwa sababu kwenye ujumbe wa benki fedha ikiingia huandikwa krediti. Alinieleza kwa upole kwamba ule ujumbe unaandikwa kutoka upande wa benki: kwao ile fedha ni deni wanalodaiwa na wewe. Tangu siku hiyo nimeacha kukariri. Kila muamala najiuliza kwanza, hiki kitabu ni cha nani?

Saa 12 na nusu

Chai kibandani. Mama anayepika pale ni mwenyeji, Mgogo, na ukipita na wenzako akawasalimia kwa Kigogo "Mbukwenyi" usipite bila kuitikia. Mimi humwamkia kama ninavyomwamkia mama yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umelala salama? Mvua haikuingia ndani?"

Chai ya rangi na chapati moja, nalipa taslimu. Sahani ya usiku ndiyo inayokwenda kwenye daftari.

Niliandike vizuri hilo daftari, kwa sababu ndilo lililonifanya nikae chini niandike haya yote. Ni kaunta buku, jalada limeng'oka, kurasa za mwanzo zina madoa ya mafuta mpaka maandishi ya upande wa pili yanaonekana. Kalamu imefungwa kwa uzi. Mama hakumbuki majina yetu, tuko zaidi ya arobaini, basi anatuandika anavyotuona: "Dada wa miwani." "Kijana bajaji ya bluu." "Mrefu wa kompyuta." Mbele ya kila mmoja kuna vijiti, kijiti kimoja sahani moja, na kila vijiti vinne anavikata kwa mshazari cha tano. Mimi ni "Binti Kibaigwa". Asubuhi hiyo nilikuwa na vijiti 14. Sahani ya wali maharage ni 1,500, kwa hiyo nadaiwa 21,000.

Sijafika hapo kwa starehe. Mdogo wangu ameanza kidato cha kwanza mwezi huu, shule ya bweni. Ada ya sekondari za serikali ilifutwa 2016, lakini godoro, sare, ndoo, madaftari na viatu ni juu ya mzazi. Mama yangu alisema atauza mbuzi. Nikamtumia 60,000 kutoka kwenye bumu, fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo. Sijutii hata shilingi.

Saa 2 asubuhi

Uhasibu, saa mbili mfululizo. Ukumbi unajaa, anayechelewa anakaa nyuma ambako sauti inamfikia nusu nusu. Mimi nawahi. Sina kompyuta mpakato, kwa hiyo ubao ndio kila kitu kwangu.

Mada ilikuwa wadaiwa. Mhadhiri akaanza na swali: "Mteja amekula, ameshiba, ameondoka, hajalipa. Kwenye vitabu vya mwenye mgahawa mtu huyu ni nani?"

Ukumbi ukagawanyika. Wengi walisema hasara. Wana ECA wakatabasamu. Mhadhiri akaandika ubaoni: debiti wadaiwa, krediti mauzo. Akageuka: "Huyu ni mali. Anakaa kwenye mizania, yaani orodha ya mali na madeni, pamoja na fedha taslimu, mchele ulioko stoo na sufuria. Mauzo yamekwisha kutokea siku aliyokula."

Niliacha kuandika. Nilimwona mama na lile daftari lake, na vijiti vyangu 14, nikaelewa kwamba mimi ni sehemu ya mali yake. Mtu akimuuliza leo mtaji wake ni kiasi gani, jibu sahihi linanihusisha mimi. Na mali hiyo haiko kwenye kabati lenye kufuli. Imekaa safu ya tatu kutoka mbele, imevaa sweta, inaandika.

Kisha akaenda upande wa pili. Deni ni mali ilimradi litalipwa. Likianza kuzeeka, mfanyabiashara mwenye busara anapunguza thamani yake kwenye vitabu kabla halijamwangusha. Ndiyo maana wanahesabu umri wa madeni: ya siku 30, ya siku 60, yaliyopita 90. Benki nazo zina mikopo chechefu, ile isiyolipwa kwa wakati, na Benki Kuu ya Tanzania inataka isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Alitukumbusha pia kwamba elimu hii ni ya wachuuzi kabla ya kuwa ya maprofesa. Wafanyabiashara wa Italia walikuwa wakiandika kila muamala mara mbili muda mrefu kabla mtawa Luca Pacioli hajaieleza njia hiyo katika kitabu kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Aliyaandika aliyoyakuta yakifanyika sokoni. Nililiwekea hilo mstari mara mbili.

Saa 5 asubuhi

Kimbweta, meza ya kusomea ya nje. Kundi letu lina watu wanane, tukakutana watano. Asaimenti ni mpango wa biashara, tumechagua kusindika juisi ya zabibu, na alama zake zinaingia kwenye kozi weki.

Nimekuwa mtu mkimya kwenye kundi tangu Novemba, lakini siku hiyo nilisema. Rasimu ilikuwa imeweka bei ya zabibu ile ile kwa miezi yote 12. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, mavuno ya mwanzoni mwa mwaka na yale ya kuanzia Agosti. Katikati hapo unasindika nini? Ukinunua nyingi kwa mkupuo unahitaji ubaridi wa kuhifadhi, na umeme wa ubaridi haukuandikwa popote. Nimekulia Kibaigwa, penye soko kubwa la mahindi, nikiona bei ya gunia ikilala wakati wa mavuno na kupanda vibaya mwezi kama huu wa Januari. Kuandika bei moja ya mwaka mzima ni kumdanganya mwenye mtaji.

Mmoja akasema mhadhiri hatasoma mpaka huko. Huenda. Lakini mimi nitasoma, na jina langu limo. Tukakubaliana ukurasa wa gharama niurudie mimi. Wale watatu wasiofika waliandika kwenye kundi la simu, "tuko pamoja". Inaniuma, nimeamua kuwaambia uso kwa uso Alhamisi.

Saa 7 mpaka saa 10

Mihogo miwili ya kukaanga, kachumbari, maji. Kisha stadi za mawasiliano, kisha maktaba. Hesabu za biashara, riba mchanganyiko, nilizielewa.

Nilipokuwa nikikokotoa riba nikaukumbuka mkopo wangu mwenyewe. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu imekuwa ikikopesha tangu 2005, na sisi wenye mkopo tunahesabiwa hadi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi. Nikiajiriwa nitakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Kwa hiyo nimo kwenye daftari mbili, moja ya taifa na moja ya kaunta buku yenye mafuta. Ile ya taifa ina namba yangu, mkataba na sahihi za wadhamini. Ile nyingine mwenyewe ananiamini kwa sura.

Saa 10 na nusu

Mama yangu alipiga. Mzigo sokoni ni mdogo, wakulima wamebakiza chakula chao tu, na wachache wanaouza wanalazimishwa na wanunuzi kujaza lumbesa, ile nundu ya juu ya gunia inayolipwa kama haipo. Mama hununua kwa mizani na kwa sababu hiyo anapata kidogo kuliko wenzake, ila wakulima wa vijijini wanamtafuta kwa jina.

"Unakula lakini?" akauliza.

"Nakula mama. Kila usiku wali."

"Nani anakupikia?"

Nikamweleza kuhusu kibanda. Akanyamaza kidogo, akasema nimsalimie sana mama huyo, na nisimuache amalize kuosha vyombo peke yake.

Saa 11 jioni mpaka saa 3 usiku

Hiyo ndiyo kazi yangu ya jioni tangu Jumatatu ya wiki iliyopita. Nasaidia kuhudumia, naosha vyombo, na baada ya watu kupungua natengeneza daftari. Malipo tulikubaliana: sahani yangu ya usiku ni bure, na deni linapungua 2,000 kila jioni. Wiki nzima ya kwanza aliniambia ni ya majaribio, tuanze kukata Jumanne hii.

Usiku huo nililihamisha daftari lote kwenye kaunta buku jipya. Kila mdaiwa na mstari wake, tarehe ya sahani ya kwanza, tarehe ya mwisho aliyolipa, jumla. Mama alikaa kwenye kigoda akichambua maharage ya kesho huku akinipa tarehe kwa kumbukumbu: "Huyo alianza wiki ya kipaimara cha mjukuu wangu." "Yule alikopa siku umeme ulipokatika, nikampa na mshumaa." Hakukosea hata moja niliyoweza kuihakiki.

Jumla ilitoka 187,500. Kati ya hizo, 58,000 ni za watu tisa ambao hawajaonekana zaidi ya miezi mitatu, wengine wamekwisha kuhitimu na kuondoka. Tukahesabu pia sahani moja: mchele, maharage, mafuta, mkaa, nyanya, maji. Ukitoa gharama hizo, katika ile 1,500 anabaki na 400 hivi. Nikagawa. Ili kuifidia ile 58,000 lazima apike sahani 145 zisizomwachia chochote.

Alisimamisha mikono ndani ya ungo. "Sahani mia na ngapi?"

"Arobaini na tano, mama."

Nikamwambia tulivyofundishwa: madeni ya namna hiyo yanafutwa, ili usipange kununua mchele kwa fedha ambayo haipo. Nilikuwa na kalamu mkononi tayari.

"Usifute," akasema.

Nikadhani hakunielewa. Alikuwa amenielewa vizuri kuliko nilivyojielewa. Akanieleza kwamba mwaka juzi kijana mmoja aliondoka na deni la 12,000, akapotea. Amepata kazi ya ualimu Singida, mshahara wa kwanza akatuma fedha kwa simu, na ya juu akaongeza ya soda. Akampigia kuuliza: mama, jina langu bado lipo? "Nikamwambia lipo. Alilia kwenye simu. Sasa angenikuta nimemfuta, ningemjibu nini?"

"Lakini hesabu ya mchele, mama?"

"Ya mchele ni kweli. Ya mchele hao wasiwemo."

Basi tukafanya hivi. Wale tisa niliwahamishia ukurasa wa mwisho kabisa, kila mmoja na deni lake kamili, lakini jumla ya mbele, ile anayoitazama akienda sokoni Majengo kununua mchele, haiwahesabu tena. Mbele pakabaki 129,500. Aliniambia juu ya ule ukurasa wa nyuma niandike "Waliosafiri". Mhadhiri wetu ana jina refu zaidi la kitu hicho hicho, na wiki ijayo amesema tutajifunza namna ya kuandika deni lililofutwa kisha likalipwa. Nitakuwa safu ya kwanza.

Akaniuliza mwenyewe kama kuna njia ya kuzuia wengine wasifike ukurasa wa nyuma. Nikapendekeza kikomo: vijiti kumi, kisha mtu apunguze kwanza. Akafikiri sana. Akasema kumi ni sawa, ila wakati wa mitihani ni kumi na tano, kwa sababu mtoto hawezi kufanya mtihani na njaa. Nikaandika hivyo hivyo, kwenye jalada la ndani.

Tulipomaliza kufunika masufuria akanisogezea daftari na ile kalamu ya uzi.

"Jipunguze."

Mbele ya "Binti Kibaigwa" palikuwa na 21,000. Nikatoa 2,000. Nikaandika 19,000, na tarehe. Akachukua daftari, akasogea kwenye taa, akasoma kimya, akalifunga na kulifunika kwa kitenge chake ili mvua ikija isilifikie.

Saa 4 usiku

Testi ni Ijumaa. Mwenzangu alikuwa amelala. Nilifungua daftari langu la uhasibu, nikaliandika tukio la jioni kama zoezi, kwenye vitabu vyake yeye, siyo vyangu:

Debiti: ujira, 2,000.
Krediti: mdaiwa, Binti Kibaigwa, 2,000.

Pande zote mbili zilikuwa sawa. Mvua ilianza tena juu ya bati, nikazima tochi.