Majivu ya Jana Madhabahuni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Najua anayeandika tafakari hutarajiwa awe ameshuka mlimani, uso unang'aa. Wiki hii mimi naandika nikiwa bondeni. Nafunga mlango, napiga magoti, maneno yanatoka kwa mazoea na kuishia hapo hapo. Nafungua Biblia, macho yanapita juu ya mistari bila kushika kitu. Ibadani nimeimba pamoja na wenzangu, mikono juu, na ndani kukavu. Nimejichunguza kama kuna dhambi ninayoikumbatia au mtu niliyemfungia moyo, sijaona. Ni ukavu tu, na wengi wenu mnaujua ninaousema, hata kama hamjawahi kuusema mbele za watu.

Katika hali hiyo, mpango wangu wa kusoma ukanifikisha kitabu cha Walawi. Mnaelewa. Ni wangapi tulioanza mwaka na nia ya kumaliza Biblia yote tukaishia humo humo kwenye figo na mafuta ya kondoo? Nikasoma kwa kujilazimisha, mpaka nikafika sura ya 6, agizo la moto wa madhabahu kwamba uwake daima, usizimike. Mstari huo tumeuhubiri sana. Safari hii kilichonishika ni maneno yanayoutangulia. Kabla kuhani hajatia kuni asubuhi, anavaa nguo zake za kitani, anayazoa majivu ya sadaka iliyoungua usiku kucha, anayaweka kando ya madhabahu. Kisha anavua mavazi hayo, anavaa mengine, anayabeba majivu mpaka nje ya marago, yaani kambi ya Waisraeli, mahali safi.

Hebu itazame asubuhi ya mtu huyu. Hakuna maono, hakuna sauti kutoka mawinguni. Ni kuinama, kuzoa, kubadili nguo, kutembea na mzigo wa majivu, kurudi, kupanga kuni. Kesho yake tena. Na Mungu aliihesabu kazi hiyo kuwa takatifu kiasi cha kumchagulia mpaka nguo za kuifanyia.

Majivu yale hayakuwa uchafu. Yalikuwa mabaki ya sadaka ambayo Bwana aliipokea, ndiyo maana yalipelekwa mahali safi. Lakini yakiachwa yarundikane, moto unakosa hewa. Hapo ndipo nilipojiona. Tuna ushuhuda wa siku tulipookoka, tuna maombi ya mfungo yaliyojibiwa kwa namna ambayo hata jamaa wasioamini walikiri, tuna mkesha ule ambao kila mtu alilia. Ni sadaka halisi zile, na utukufu ni wa Bwana. Ziheshimu, zisimulie watoto wako. Ila tangu lini mtu akaota majivu? Ukiulizwa Mungu anasema nini nawe sasa, na jibu lako linaanza na "miaka ile," mpendwa, madhabahu yako inahitaji kuzolewa. Waisraeli waliobakiza mana mpaka asubuhi waliikuta imeingia mabuu na kunuka, na ilikuwa mana ile ile ya kutoka mbinguni.

Sasa nina neno kwa sisi tunaotumika, na naomba mlipokee kwa upendo. Moto ule wa madhabahuni, mwishoni mwa sura ya 9, ulitoka mbele za Bwana wenyewe. Watu wakapiga kelele, wakaanguka kifudifudi. Geuza ukurasa tu, sura ya 10, Nadabu na Abihu wanatia moto wa kigeni katika vyetezo vyao, vyombo vya kufukizia uvumba, na wanakufa. Walikuwa wana wa Haruni, makuhani waliopakwa mafuta, na moto wa kweli ulikuwa unawaka karibu yao. Ukavu una jaribu lake, na jaribu lenyewe ni hili la kujitengenezea moto. Moyo umepoa, basi tunaongeza sauti ya vyombo. Hatujaomba wiki nzima, basi tunapiga kelele nyingi zaidi kwenye kipaza sauti. Tunatoka semina hii tunakimbilia ile, tunatafuta mtumishi mwingine atuwekee mikono, tunarudi tumechangamka, na siku ya tatu tuko pale pale.

Kiongozi wa sifa, mara ya mwisho kumwimbia Bwana bila mtu wa kukusikia ilikuwa lini? Mhubiri, unafungua Neno ulishwe, au unatafuta la kuwalisha wengine tu? Mzee wa kanisa, maombi yako ya nyumbani yana urefu gani ukiyalinganisha na yale ya mbele ya washirika? Sisemi vyombo ni vibaya wala semina zisiwepo. Nimebarikiwa humo mara nyingi. Nasema havitachukua nafasi ya asubuhi yako.

Na hapa kuna faraja kubwa. Kuhani hakuagizwa kuushusha moto. Huo Bwana aliuleta mwenyewe. Kilichowekwa mikononi mwa kuhani ni majivu na kuni, na hakuna mahali alipoambiwa asubiri kwanza asikie joto ndipo atie kuni. Kanisa la Efeso lilipoambiwa kwamba limeuacha upendo wake wa kwanza, Bwana aliwaambia wakumbuke walikoanguka, watubu, wakayafanye matendo ya kwanza. Matendo! Alijua hisia haziagiziki. Kwa hiyo usingoje kujisikia. Soma Zaburi moja kwa sauti. Sali Sala ya Bwana polepole, kifungu kimoja kimoja. Mtaje mtu mmoja kwa jina, umwombee jambo linalojulikana. Ukimaliza inuka uende kazini. Kesho rudi, hata kama ya leo ilikuwa kavu.

Niongeze mawili kwa haraka. Kuna ukavu unaotokana na dhambi iliyofunikwa. Daudi katika Zaburi ya 32 anasema aliponyamaza alikuwa kama nchi kavu wakati wa kaskazi, na dawa yake ilikuwa kuungama, basi. Na kuna ukavu wa mwili uliochoka. Nabii Eliya chini ya mti wa mretemu aliomba afe, na malaika hakumkemea wala hakumfundisha somo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Wengine wetu hatuna pepo wa uzito, tuna deni la usingizi.

Mimi mwenyewe sijavuka bado. Asubuhi hizi nimekuwa nikisoma Zaburi ya 63, ile Daudi aliyoitunga akiwa katika jangwa la Yuda. Jana nilikwama kwenye maneno "katika nchi kame na uchovu, isiyo na maji." Nikaona kwamba kabla ya kuitaja hiyo nchi alikuwa ameshasema, "Ee Mungu, Mungu wangu." Hajapata tone, na bado anasema wangu. Nikayarudia maneno hayo mara kadhaa. Sikulia, sikutetemeka. Nilimwita Mungu wangu, nikaendelea na siku.

Kama wewe hata hilo limekushinda, usijifiche. Mtafute ndugu mmoja unayemwamini, umwambie wazi, "Siwezi kuomba, niombee nikiwa nimekaa hapa." Na wewe utakayeambiwa hivyo, usianze kumhubiria. Omba tu, hata kwa dakika chache, na kesho mpigie simu mwombe tena.